Ekari 160 za Missouri: tumekodi pori, sasa tunatafuta kulungu analala wapi

Jumatano jioni

Nimetoka Columbia saa tisa alasiri nikashika barabara ya 63 kwenda kaskazini, Moberly, Macon, La Plata mpaka Kirksville, saa moja na nusu hivi ukienda taratibu, na kadiri unavyopanda ndo mashamba yanazidi kuvunjikavunjika kuwa vilima na makorongo yenye miti, yaani unaona kabisa hii ni nchi ya kulungu, namaanisha kulungu wa Marekani wa mkia mweupe, si yule wa kwetu. Theluji imeshaisha, imebaki kidogo tu kwenye mitaro upande wa kivuli, matope ndo usiseme.

Nimefikia kwa mwenzangu, Mkongomani wa Uvira, anafanya kazi kiwanda cha nyama ya nguruwe kule Milan kama wenzake wengi tu wa hapa, Wakongo wapo wengi sana huu mji. Yeye ndo aliniambia mwezi wa kwanza kuna mzee mkulima anakodisha haki ya kuwinda kwenye shamba lake, tukachanga hela, tukaandikishana, kuanzia tarehe 1 Machi mpaka mwisho wa Februari mwakani. Ekari 160, mraba wa nusu maili kila upande.

Kwa ndugu zangu wa nyumbani niweke sawa hapa maana mkisikia "tumekodi pori" mtafikiri tumepewa kitalu cha uwindaji. Huku mnyama ni wa umma, anasimamiwa na jimbo kupitia idara ya uhifadhi ya Missouri, ila ardhi ni ya mtu, na jimbo hili zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi. Kwa hiyo ukimlipa mzee hujanunua kulungu hata mmoja, umenunua ruhusa ya kuingia. Leseni unakata mwenyewe, mnyama ukimpata unamripoti serikalini siku hiyohiyo kabla ya saa nne usiku, na nyama yake huruhusiwi kuuza hata kilo moja, unakula au unagawa. Na kwa kweli utaratibu huu umefanya kazi. Mwaka 1925 jimbo zima la Missouri lilikadiriwa kubaki na kulungu wasiozidi 400, walikuwa wameliwa karibu wote, wakafunga uwindaji, wakahamisha wanyama, wakafungua tena 1944, leo wanakadiriwa milioni 1.4. Mimi kila nikiikumbuka hiyo namba nawaza mapori yetu ya huko Manyoni na Itigi nilikokulia.

Sasa tupo mezani na ramani. Mwenzangu amechapisha picha ya setilaiti, kubwa, na ile ya mistari ya mwinuko, na pembeni kaweka picha aliyotupa mzee siku ya kusaini: dume mkubwa, pembe za ncha kumi, ncha ya kwanza ya kushoto imegawanyika mara mbili, kasimama ukingoni mwa shamba la soya. Mwenzangu anaipenda hii picha mpaka kaiweka kwenye simu. Mimi nilichoangalia ni saa iliyoandikwa pale chini, saa nane na dakika arobaini usiku, Novemba. Sheria ya hapa unaruhusiwa kupiga kuanzia nusu saa kabla jua halijachomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama. Nikamwambia kaka, mtu akipita barabarani mbele ya nyumba yako saa nane usiku huwezi kusema ni jirani yako, lazima ujue analala wapi. Na hiyo ndo kazi iliyonileta wiki hii, sijaja kutafuta pembe, nimekuja kutafuta malalo. Pori ambalo kulungu wanalala mchana ndani yake lina thamani, pori wanalopita usiku tu kwenda kula kwa jirani ni hela imepotea hata kama kamera zimejaa picha.

Alhamisi

Leo tumezunguka mipaka tu, hatujaingia katikati. Watu wengi wakipata eneo jipya wanakimbilia msituni, mimi naanza na kingo, maana kingo zinakwambia nani jirani yako na mnyama anaingilia wapi.

Kusini kuna barabara ya kokoto, ndo mlango wetu. Magharibi malisho ya ng'ombe wa mzee, uwanja mtupu, majani yameliwa mpaka chini, na ng'ombe wanaingia mpaka ndani ya miti, hilo nimeliandika kwa kalamu nyekundu. Katikati korongo lenye kijito linatoka kaskazini magharibi kushuka kusini mashariki, pande zote mbili miti. Juu tambarare kusini shamba la mzee, kama ekari 50, mwaka jana lilikuwa soya. Kaskazini mashariki kuna nyasi ndefu, zile za mpango wa serikali wa kuwalipa wakulima wapumzishe ardhi, mpango wa tangu 1985, nyasi za asili zinafika kifuani na hata sasa mwezi wa tatu baada ya theluji zote zile bado zimesimama.

Mpaka wa mashariki miti imepakwa rangi ya zambarau kila baada ya hatua kadhaa. Missouri rangi ya zambarau kwenye mti au nguzo ni sawasawa na bango la usiingie, hata kama hakuna neno limeandikwa, na mgeni asiyejua anaweza kuingia akijua watu wamechora mapambo. Nimemwelekeza mwenzangu mpaka nikahakikisha ameelewa, maana mtu mweusi mwenye bunduki kwenye ardhi ya mtu vijijini huku, hilo si jambo la kufanyia majaribio.

Tumetembea na seng'enge taratibu. Kulungu wengi hawaruki, wanapita chini, kwa hiyo unaangalia waya wa chini, unakuta nywele zimenasa kwenye miiba, za mgongoni kijivu ncha nyeusi, za tumboni nyeupe, na ardhi pale imechimbika. Tumekuta vivuko kadhaa upande wa mashariki lakini kimoja ndo barabara kuu, kwenye kona ya kaskazini mashariki nyasi zinapokutana na mierezi, njia imekanyagwa mpaka udongo umetokeza, kwato ndogo na za kati, kubwa moja tu. Nikaweka alama kwenye jipiesi.

Upande wa pili wa ule mpaka wa mashariki kuna madungu mawili ya jirani, yale majukwaa ya kukaa juu kuvizia mnyama, yamefungwa mitini, yote yanaangalia kwetu. Silaumu, mtu ana haki kwenye ardhi yake, ila ukishaona dungu limeelekea kwako ujue jirani naye amegundua wanyama wanatokea upande huu, hiyo ni habari nzuri. Wakati tunaangalia jirani mwenyewe akaja na kigari chake cha shamba. Tukasalimiana vizuri, tukajitambulisha, tukamwonyesha mkataba. Mtu mchangamfu. Mwenzangu akatoa simu akamwonyesha lile dume, jamaa akatabasamu akatoa ya kwake. Kijana wake kampiga mnyama huyohuyo Jumamosi ya kwanza ya msimu wa bunduki Novemba iliyopita, ncha ya kushoto imegawanyika vilevile, kijana kapiga magoti kashika pembe.

Mwenzangu akanyamaza njia nzima. Tulipofika kwenye pikapu akaniuliza, "Kaka, sasa tumelipia nini?" Nikamwambia mzee hakujua, kamera yake ilimwonyesha mnyama yupo akaamini yupo, na mimi sijawahi kulihesabu lile dume kwenye hesabu zangu toka jana. Na kuna kitu kizuri ndani yake. Kama dume wa umri ule alikuwa anazunguka hapa Novemba, alifuata kitu. Kesho tukitafute hicho kitu.

Kabla ya kuondoka tumekuta pipa la kumwagia mahindi karibu na kijito, limeachwa na waliokodi zamani, lina punje zimeoza ndani. Hili liondoke. Missouri kuwinda kulungu juu ya chambo ni kosa, na eneo linahesabika lina chambo mpaka siku 10 baada ya kukiondoa chote. Mtu ukikodi eneo jipya tembea utafute haya mapipa kabla ofisa hajakutafutia.

Ijumaa

Siku ndefu na tamu. Upepo wa kaskazini magharibi, baridi nyuzi 2 asubuhi, jua zuri. Tumeingia kutokea kusini mashariki tukapanda na korongo.

Mwezi wa tatu ndo mwezi wa kulisoma pori la kulungu, niseme hili kwa nguvu. Majani ya miti hakuna, unaona mbali, alama zote za Novemba zilizofunikwa na theluji zipo vilevile, na ukimfukuza mnyama leo haina madhara, ana miezi sita ya kusahau. Ukifanya ziara hii Oktoba umeharibu msimu wako wote.

Kwanza chakula. Mgongo wa mashariki mwa kijito una mialoni mikubwa, na nimefurahi kuona mingi ni mialoni mieupe. Hata majani yakiwa chini unaitofautisha, mweupe jani lake lina mikunjo ya mviringo, mwekundu jani lina ncha kali. Tofauti hii ni muhimu mno kwa sababu mbegu za mwaloni mweupe zinakomaa mwaka uleule na hazina ukali sana, kulungu anazifuata zikianguka tu, anaacha soya anaacha kila kitu. Za mwekundu zinachukua miaka miwili kukomaa, chungu, zinakuja kuliwa baadaye baridi ikizidi. Chini nimekuta vikombe vya mbegu vingi sana na majani yamefukuliwa eneo kubwa. Ila tatizo lile la kalamu nyekundu, kinyesi cha ng'ombe kipo hapahapa. Ng'ombe nao wanakula mbegu hizi, na wakikaa msituni Septemba na Oktoba kulungu anahama kimyakimya.

Pili vichaka. Hapa unaangalia ncha za vitawi. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo anavuta na kukwanyua, kitawi kinabaki na nyuzi zimechanika. Sungura ana meno juu na chini, anakata safi kwa mshazari. Nimekagua nikienda nimepiga magoti, na kilichonipa matumaini ni kwamba matawi yameliwa lakini hayajamalizwa, hakuna ule mstari unaouona kwenye mapori yaliyojaa kulungu kupita kiasi, ambapo kuanzia chini mpaka mita moja na nusu hakuna jani wala kitawi, msitu umenyolewa. Maana yake ardhi hii inawabeba waliopo bila kuumia.

Tatu, malalo. Tukapanda ule upande wa kaskazini mashariki, mierezi midogo imechangamana na waridi mwitu na nyasi ndefu, unapenya kwa shida, miiba inakushika koti. Na hapo ndani, asee. Malalo kila mahali. Mviringo wa majani yaliyolala, mita moja na ushee, matatu, manne, matano pamoja, makubwa na madogo yamechanganyika, yanaangalia kila upande. Hiyo ni familia, jike na binti zake na watoto wa mwaka jana. Kinyesi cha punje kimetapakaa, kikavu na kibichi, maana yake wamekaa baridi nzima na bado wapo. Wakaruka wawili mbele yetu mikia juu myeupe, mwenzangu akanishika mkono hakusema kitu.

Nikakaa chini nikamweleza. Majike hawa ndo kitu chenyewe. Jike wa kulungu hahami hovyo, anakaa eneo la mama yake, na ukiwa na pahali pa majike kulala mchana basi katikati ya Novemba wakati wa kupandana madume wa maili nzima watakuja wenyewe kunusa, mchana kweupe, maana wakati ule dume halali, hali, anatembea tu. Ndo maana lile dume la picha lilikuwa hapa. Na madume tunaowatamani karibu wote hawazaliwi hapa. Dume akifika mwaka mmoja na kitu wengi wao wanaondoka, wanaenda kuishi mbali na mama, wa kwetu wataenda kwa majirani na wa majirani watakuja kwetu. Eneo la dume mzima linaweza kufika maili moja ya mraba, hizo ni ekari 640, sisi tuna robo yake. Kwa hiyo mtu anayekwambia "nafuga madume kwenye ekari 160" anajidanganya, anachoweza kufuga ni usingizi wa majike.

Malalo ya dume tumeyatafuta pia. Dume analala peke yake, lalo moja kubwa, mara nyingi kwenye pua ya kilima, pale mgongo wake unapochomoza kuelekea bondeni, theluthi ya juu, upepo ukimtokea mgongoni na macho yakiangalia chini. Kwa upepo wa kaskazini magharibi unatafuta pua zinazoangalia kusini mashariki. Kwetu zipo mbili tu. Moja ina lalo la kizamani, nyingine haina kitu. Nasema ukweli wangu, dume mkubwa haishi hapa. Anaishi kwa jirani wa kaskazini kwenye msitu mnene au kule chini bonde la mto Chariton, anakuja kwetu kwa sababu moja.

Michubuko ya pembe kwenye miti ipo, imefuata ukingo wa mierezi kutoka kaskazini kuja kusini kama ifuatavyo: mmoja kwenye mwerezi mnene kuliko paja, halafu midogo midogo ya vijana imefuatana. Ukitaka kujua alikuwa anaelekea wapi angalia mti umechubuliwa upande gani, kawaida ni upande alikotokea. Yote imechubuliwa upande wa kaskazini. Anatoka kaskazini, anapita ukingoni mwa malalo ya majike, upande ambao upepo unamletea puani harufu kutoka malaloni, halafu anashuka kwenye kivuko cha kijito ambapo kingo mbili zenye mwinuko mkali zinambana. Pale kwenye kivuko kuna mikwaruzo ya ardhini mitatu, pale dume anapofukua udongo kwa kwato na kuacha harufu yake, chini ya tawi lililotafunwa. Watu wanaipenda mikwaruzo wanaweka dungu juu yake, mimi siiwekei maana kwa sehemu kubwa inatembelewa usiku. Lakini kivuko chenyewe, wakati wa kupandana, hapo pananifaa sana.

Jumamosi

Mvua toka alfajiri. Hatujaingia porini, tumeenda kwa mzee, akatukaribisha gereji, kahawa, mbwa wake kalala miguuni.

Nilimuuliza magonjwa, maana eneo jipya lazima uulize. Akakumbuka 2012, mwaka wa ukame, kulungu walikufa kandokando ya bwawa lake mwishoni mwa kiangazi, harufu wiki nzima. Ule ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaozaliana kwenye tope la kingo za maji, mnyama anapata homa anakimbilia maji anafia hapo, na barafu ya kwanza kali ikiua usubi ugonjwa unakatika. Ukipata mwaka wa ukame tembelea mabwawa Septemba ukanuse, kisha ujue uwinde kiasi gani.

Ule mwingine ndo unaniumiza zaidi, ugonjwa wa kukonda, wa protini iliyoharibika inayokula ubongo. Missouri ulionekana mara ya kwanza 2010 kwenye wanyama wa kufungiwa wilaya ya Linn, halafu 2012 kwa wanyama wa porini Macon, zote mbili zimepakana na wilaya ya Adair tuliyopo. Hauna dawa, mnyama akiupata atakufa. Haijathibitika mtu kuupata, ila ushauri ni usile nyama ya mnyama aliyekutwa nao, na idara inapima bure, wanachukua tezi za shingoni. Tumekubaliana na mwenzangu kila mnyama wetu atapimwa kabla nyama haijagawiwa kwa mtu, hasa kwa kuwa kwao nyama itaenda kwenye nyumba zenye watoto.

Mzee kasema pia mwaka huu pale kwenye soya atapanda mahindi. Hilo limebadilisha ramani yangu. Mahindi yakiwa yamesimama Oktoba kulungu wanaweza kulala humohumo, huwaoni kabisa, yakivunwa ghafla wanarudi msituni. Kwa hiyo Septemba na Oktoba sitegemei kitu kikubwa, mpaka mashine ya kuvuna ipite.

Jumapili

Asubuhi nimeenda na familia ya mwenzangu kanisani kwao, nyimbo za Kiswahili cha Kivu na Kifaransa kidogo, shemeji akatulisha fufu na samaki, mama mmoja mtu mzima akaniuliza kama kweli nyama ya kulungu ina ladha ya mbuzi wa porini, nikamwambia mama utaonja mwenyewe Novemba Mungu akipenda.

Jioni tukaegesha pikapu barabarani mbali, darubini mkononi, upepo unatupiga usoni. Saa kumi na mbili kasoro wakaanza kutokeza msituni kuingia kwenye mabua ya soya kule juu. Walikuwa kumi na mmoja. Kwa mwezi huu huwezi kuhesabu madume kwa pembe, karibu wote wameshazidondosha, inabidi uangalie kichwa na mwili. Jike uso mrefu mwembamba, dume uso mfupi kipaji kipana, ukivuta darubini unaona vile vidonda viwili pembe zilipokatikia. Tuliowaona saba ni majike wakubwa na mabinti, watatu ni watoto wa mwaka jana, mmoja ni dume kijana miguu mirefu mwili mwembamba, huyo mwaka na nusu hivi alipokuwa na pembe zake za kwanza. Wote walitokea kona ileile ya mierezi. Miili mizuri, migongo haijachomoza mifupa, na mwisho wa baridi ndo wakati kulungu amechoka kuliko wakati wote.

Mwenzangu akauliza kwa hiyo tuue majike au tuwaache. Swali zuri, na jibu lake liko kwenye ule msitu ambao haujanyolewa, maana yake kulungu hawajazidi. Wachache tutachukua, wawili watatu kwa nyama, mapema kwa upinde au mwisho wa msimu, wale wanaotokea kwenye mahindi upande wa kusini. Ndani ya mierezi hatumgusi hata mmoja na hatuingii.

Jumatatu

Tumetembea kutafuta pembe zilizodondoka. Huku kuziokota ruksa, ila ukikuta fuvu lenye pembe bado zimeshika lazima umtaarifu ofisa wa uhifadhi. Mwenzangu kaokota moja kwenye seng'enge ya kaskazini, ya kushoto, ncha nne, nene pale chini, panya wameshaanza kuitafuna. Si ya yule wa picha bila shaka, huyu ncha ya kwanza ni moja tu imenyooka. Nimeipima kwa vidole, naona ni dume wa miaka mitatu na kitu. Amevuka msimu wote wa bunduki na wa upinde uliofungwa Januari 15, yuko hai, na akifika miaka mitano atakuwa mnyama wa kutisha. Tumeokota nyingine ndogo mbili za vijana.

Halafu tukakaa kwenye kokoto tukapanga. Madungu matatu tu. La kwanza kwenye kivuko cha kijito, kwa upepo wa kaskazini magharibi pekee, kuanzia kama tarehe 5 Novemba, unaingia gizani kupitia ndani ya kijito chenyewe miguu majini mpaka chini ya mti. Pale nimefikiria sana hewa ya asubuhi na jioni. Asubuhi jua likipasha, hewa inapanda mlima na kupeleka harufu yako juu kwenye mierezi, kwa hiyo siku tulivu isiyo na upepo usikae pale asubuhi, jioni hewa inashuka na kijito, inakwenda barabarani, salama. La pili kona ya mialoni mieupe, Oktoba, endapo ng'ombe watatolewa. La tatu ukingo wa mahindi kwa ajili ya majike. Upepo ukiwa wa kusini hatuingii kabisa, siku hiyo tukae nyumbani na watoto, maana mlango wetu uko kusini na harufu yote itaingia malaloni, na jike mmoja mzee akishakunusa mara mbili anahamisha ukoo mzima kwenda kwa yule jirani wa madungu mawili.

Tathmini yangu kwa ujumla niliyomwambia mwenzangu ni hii: mwanzo wa msimu hafifu, katikati ya Novemba nzuri sana, Desemba na Januari inategemea mzee ataacha mabaki ya mahindi au ataligeuza shamba. Kwa bei tuliyolipa inafaa, na ningesaini tena leo.

Tukapita kwa mzee kuaga. Nikamwomba mambo mawili kwa heshima, pipa la mahindi liondoke na ng'ombe wasiingie msitu wa mashariki kuanzia Agosti mpaka Novemba, waya tutanunua sisi na tutafunga sisi. Akafikiri, akasema ng'ombe anaweza kuwazuia upande wa pili wa kijito lakini kijito chenyewe wanahitaji kunywa. Tumekubaliana waachiwe mlango mmoja wa maji upande wa magharibi. Pipa tumelipakia kwenye pikapu palepale. Waya tutakuja kuufunga mwezi wa saba, kamera mbili za laini tutaziweka Agosti, zote kwenye kingo za shamba, na kule kwenye mierezi hakuna atakayekanyaga mpaka msimu uishe.